Kuhisi kwa Mbali, Tija ya Mazao na Usalama wa Chakula: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ndiyo yanayojitokeza mara nyingi wakulima, maofisa ugani, viongozi wa vyama vya ushirika na wapangaji wa mipango ya chakula wanapokutana na watu wa ramani. Msomaji ataona kwamba jibu moja linarudi kwa sura mbalimbali: picha ya kutoka angani inaeleza vizuri ni wapi shambani pana tofauti, na tofauti hiyo ilianza lini, lakini sababu yake bado hutafutwa kwa miguu.

Kuhisi kwa mbali ni nini hasa?

Ni kupata taarifa za kitu bila kukigusa, kwa kupima mwanga, joto au mawimbi ya redio yanayotoka kwenye kitu hicho. Kwa maana hiyo hata jicho la binadamu linahisi kwa mbali, ila jicho linaishia kwenye rangi za upinde wa mvua, ilhali vihisio vilivyotengenezwa kwa kazi hii hupokea pia miale ya infraredi na ya joto ambayo sisi hatuioni. Vihisio hivyo hubebwa na setilaiti, ndege, droni na hata trekta. Setilaiti nyingi zinazotumika katika kilimo huizunguka dunia zikipita karibu na ncha zake, kwenye kimo cha kilomita 700 hadi 800, na obiti zao zimepangwa ili zipite juu ya mahali pamoja saa ileile kila ziara, kwa kawaida kwenye saa nne au saa nne na nusu asubuhi. Mpango huo hupunguza tofauti za mwanga wa jua na vivuli, ili picha ya leo iweze kulinganishwa na ya wiki iliyopita.

Setilaiti iliyo mbali kiasi hicho inajuaje kwamba mmea una afya?

Haijui afya. Inachopima ni mwanga unaorudi, na bahati njema ni kwamba jani bichi linarudisha mwanga kwa namna ya pekee. Umbijani hufyonza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu kwa ajili ya usanisinuru, kwa hiyo mwanga mwekundu unaorudi angani ni kidogo. Kwa upande mwingine, seli za ndani ya jani zimepangwa kwa namna inayoitawanya miale ya infraredi ya karibu, na jani zima linaweza kuirudisha karibu nusu yake. Jani likianza kuchoka, iwe kwa kiu, njaa ya virutubisho au uzee, wekundu unaorudi huongezeka na infraredi hupungua. Udongo mtupu hauna tofauti kubwa kiasi hicho kati ya miale hiyo miwili, na maji hufyonza karibu infraredi yote.

Kutokana na tabia hiyo ilibuniwa fahirisi ya uoto inayojulikana kwa kifupi NDVI, ambayo imetumika tangu miaka ya 1970. Unachukua infraredi ya karibu, unatoa nyekundu, kisha unagawanya kwa jumla ya hizo mbili. Tuseme shamba la mahindi lililofunga vizuri linarudisha asilimia 5 ya mwanga mwekundu na asilimia 45 ya infraredi: 45 kutoa 5 ni 40, ukigawanya kwa 50 unapata 0.80. Kipande cha udongo mtupu kinachorudisha asilimia 20 ya nyekundu na asilimia 25 ya infraredi kitatoa 5 kwa 45, yaani takriban 0.11. Hesabu yenyewe ni ya darasani. Ugumu uko katika kuisoma.

Basi nikiona 0.6 katika shamba langu, ni vizuri au ni vibaya?

Namba moja peke yake haisemi kitu. Mahindi yenye wiki tano yakifika 0.6 ni jambo la kufurahisha. Mahindi yaleyale yakiwa 0.6 wakati wa kutoa mbelewele, ilhali ya jirani yana 0.8, ni jambo la kwenda kuangalia. Na yakiwa 0.6 wakati yanapokauka kuelekea mavuno, huenda ni hali ya kawaida tu. Kinachosomwa ni mstari wa msimu mzima. Kabla ya kupanda, shamba hukaa chini, karibu na 0.15 au 0.2. Mbegu zikishaota, mstari hauinuki kwa siku kadhaa, kwa sababu miche bado ni midogo na setilaiti inaona udongo zaidi kuliko majani. Kisha mstari hupanda haraka, hufika kileleni mimea inapokaribia kuchanua, hutulia kwa muda, na hatimaye hushuka majani yanapogeuka manjano. Mstari uliochelewa kupanda mara nyingi humaanisha upanzi uliochelewa au mbegu zilizoota vibaya. Kilele kisichofika juu huashiria mimea michache au iliyodhoofu. Na kushuka mapema, kabla ya wakati wa kukomaa, ndiyo dalili inayotisha zaidi, kwa maana punje hukosa siku za kujaa.

Kuna mitego miwili ambayo kila anayeanza hunaswa nayo. Wa kwanza ni kwamba fahirisi hii hushiba: majani yakishafunika ardhi yote, kuongezeka kwa majani hakuipandishi tena, kwa hiyo shamba zuri na shamba bora kabisa hufanana. Wa pili ni magugu. Magugu nayo ni kijani, na shamba lisilopaliliwa linaweza kung'aa kwenye ramani kuliko la jirani aliyeamka alfajiri kupalilia. Mtu anayetoa zawadi ya mkulima bora kwa kutazama rangi ya ramani peke yake anaweza kumzawadia mvivu.

Picha za bure zipo, na zinatosha?

Zipo, na kwa kazi nyingi zinatosha. Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ya Marekani ilirushwa Julai 1972, na tangu 2008 hazina yote ya picha zake hutolewa bure. Kabla ya hapo picha moja iliuzwa kwa mamia ya dola, jambo lililowafungia nje watafiti na nchi nyingi. Landsat 8 na Landsat 9 zilizopo sasa huona vipande vya ardhi vya mita 30 kwa 30, na zikifanya kazi pamoja hurudi mahali pamoja kila baada ya siku 8. Mwaka 2015 mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya ulianza kurusha setilaiti za Sentinel-2, ambazo hupima kanda 13 za mwanga. Zile kuu kati ya kanda hizo zina vipande vya mita 10, na setilaiti mbili zikiwa kazini mahali pamoja hupigwa picha kila siku 5. Kwa eneo la nchi nzima au bara zima, vihisio vya MODIS na VIIRS hupiga picha karibu kila siku, ingawa kwa vipande vya mita mia kadhaa, na hivyo ndivyo vinavyotegemewa na mifumo ya tahadhari.

Makampuni binafsi huuza picha za mita 3 au chini ya hapo. Ushauri wetu ni kuanza na za bure, na kununua pale tu utakapoweza kueleza kwa sentensi moja kile ambacho picha ya bure imeshindwa kukuonyesha.

Shamba langu ni la nusu hekta. Litaonekana?

Jibu linategemea umbo la shamba kuliko ukubwa wake. Nusu hekta ni mita za mraba 5,000. Likiwa na umbo la mraba, kila upande una takriban mita 70, na kwa pikseli (kile kipande kimoja kimoja cha picha) za mita 10 linabeba pikseli 7 kwa 7, yaani 49. Lakini pikseli za pembeni kabisa, ambazo ni 24, huchanganya shamba na njia, miti ya mpakani au mazao ya jirani, kwa hiyo zinaachwa, na zinabaki 25 za kutegemewa. Hizo zinatosha kufuatilia mwenendo wa shamba na hata kutofautisha upande wa juu na wa chini.

Sasa chukua nusu hekta ileile lakini iwe ukanda wa mita 20 kwa 250, kama inavyotokea sana ardhi inapogawanywa kwa warithi. Upana wake ni pikseli mbili tu, na kwa kuwa gridi ya setilaiti haifuati mipaka ya urithi, huenda usipate hata pikseli moja iliyo ndani ya shamba lako peke yake. Kwa pikseli za mita 30 usijaribu kabisa. Katika hali hiyo ni afadhali kundi la wakulima wenye mazao yanayofanana lifuatilie eneo lao kwa pamoja, au watumie droni kwa siku chache muhimu za msimu.

Kilimo cha mchanganyiko ni tatizo la peke yake. Mahindi, maharage na mihogo vikiwa kwenye tuta moja, pikseli inatoa wastani wa vyote vitatu, na hakuna programu inayoweza kuvitenganisha kwa uhakika.

Msimu wa mvua mawingu hayaishi. Picha hizi zina faida gani wakati huo?

Hili ndilo lalamiko la haki kuliko yote, kwa sababu mazao hukua wakati wa mvua na mvua haiji bila mawingu. Setilaiti inayotegemea mwanga wa jua inaweza kupita mara sita mwezi mmoja na ukapata picha moja safi, au usipate hata moja. Njia ya kwanza ya kukabiliana na hali hiyo ni kuunganisha picha za siku kadhaa na kuchagua pikseli zilizo safi. Njia ya pili ni rada.

Rada haingoji jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe, na mawimbi ya Sentinel-1, setilaiti za rada za mpango uleule wa Copernicus, yenye urefu wa takriban sentimita 5.6, hupenya mawingu usiku na mchana. Badala ya rangi, rada hupima ukwaru, unyevu na umbo la kile inachokigonga. Zao linaloonyesha uwezo huo waziwazi ni mpunga wa majaruba. Jaruba likijazwa maji kabla ya kupandikiza, uso wake laini hufanya kazi ya kioo na kuyaelekeza mawimbi mbali na setilaiti, hivyo shamba huonekana jeusi. Miche inapokua, mashina hugonga mawimbi na kuyarudisha, na shamba hung'aa zaidi wiki hadi wiki. Weusi unaofuatwa na mng'ao huo ni kama saini: ukiuona unajua kwamba hapo pamepandwa mpunga, na unajua wiki uliopandwa. Kwa mazao ya nchi kavu rada ni ngumu zaidi kusoma, kwani udongo uliolowa na mvua ya jana unaweza kuigiza ukuaji wa mimea.

Droni si bora kuliko setilaiti?

Droni huona majani kwa sentimita na huruka siku unayoitaka, chini ya mawingu. Lakini inahitaji rubani aliyefunzwa, betri, na katika nchi nyingi kibali cha mamlaka ya anga. Na haina kumbukumbu ya miaka iliyopita. Setilaiti ikufae kwa kujua pa kwenda, droni kwa kupatazama pale kwa karibu.

Je, inaweza kunisaidia kupanga umwagiliaji?

Ndiyo, na pengine hapa ndipo faida inapoonekana upesi zaidi, hasa ukizingatia kwamba kilimo hutumia takriban asilimia 70 ya maji baridi yote yanayochotwa duniani. Mmea wenye maji ya kutosha hufungua vitundu vya majani yake, maji yanatoka kama mvuke, na jani linapoa kama ngozi inavyopozwa na jasho. Maji yakipungua, vitundu hufungwa na jani hupata joto. Kihisio cha joto huigundua tofauti hiyo mara nyingi kabla jani halijabadilika rangi, yaani wakati bado kuna nafasi ya kuokoa kitu. Kwa kuunganisha joto, uoto na hali ya hewa, wataalamu hukadiria maji yanayopotea hewani kutoka udongoni na majanini. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linatoa makadirio ya aina hiyo bure kupitia mfumo wake wa WaPOR, ulioanza na Afrika na Mashariki ya Karibu na wenye data za tangu 2009.

Unyevu wa udongo nao hupimwa, na setilaiti za SMOS, iliyorushwa 2009, na SMAP, iliyorushwa 2015, ndizo zinazojulikana zaidi. Lakini zinaonja sentimita 5 za juu tu, na kila kipande chao kina upana wa makumi ya kilomita. Ni data nzuri kwa kujua kama wilaya nzima imekauka. Haziwezi kukuambia kama ufungue maji kwenye shamba lako kesho asubuhi, na anayekuuzia huduma ya namna hiyo aulizwe kwa upole namba zake zinatoka wapi.

Inaweza kuniambia kiasi cha mbolea, au kunionya kuhusu wadudu na magonjwa?

Kuhusu naitrojeni, inaweza kwa kiasi. Kati ya nyekundu na infraredi kuna ukanda mwembamba ambapo mwanga unaorudi hupanda ghafla, na mahali hasa unapopandia hutegemea wingi wa umbijani, ambao nao hutegemea sana naitrojeni. Sentinel-2 ina kanda tatu zilizowekwa katika eneo hilo, ingawa pikseli zake ni za mita 20. Namna ya busara ya kutumia taarifa hiyo ni kuacha ukanda mmoja wa shamba upewe naitrojeni ya kutosha tangu mwanzo, kisha kulinganisha shamba lililobaki na ukanda huo katikati ya msimu. Zikilingana, mbolea ya kukuzia inaweza kupunguzwa. Zikiachana, umepata pa kuipeleka. Bila ukanda wa kulinganishia, manjano ya njaa ya naitrojeni huchanganywa kirahisi na manjano ya maji yaliyotuama au ya upungufu wa salfa.

Kuhusu wadudu, tuseme ukweli: setilaiti inaona madhara, haioni mdudu. Kiwavijeshi vamizi hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na kufikia wakati majani yaliyoliwa yametosha kubadilisha pikseli ya mita 10, siku za kupulizia dawa kwa faida huenda zimeshapita. Mkulima anayekagua shamba lake mara mbili kwa wiki atamshinda mtu wa ramani kila mara.

Nzige wa jangwani ni kisa tofauti, kwa sababu kinachotafutwa huko ni makazi yao. Nzige hutaga katika mchanga wenye unyevu na makinda yao huhitaji majani mabichi, kwa hiyo kijani kinachochipuka jangwani baada ya mvua huwaonyesha wakaguzi wa FAO na wa nchi husika maeneo ya kwenda kukagua kwanza, katika ardhi kubwa ambayo magari hayawezi kuizunguka yote.

Mavuno yanaweza kutabiriwa kabla ya kuvunwa?

Yanaweza kukadiriwa, na kazi hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1972 Umoja wa Kisovieti ulivuna vibaya na kununua nafaka nyingi sana kimyakimya, bei za dunia zikapanda, na nchi nyingine zikajua wakati umeshapita. Kuanzia 1974 mashirika ya Marekani, NASA likiwa mojawapo, yaliendesha jaribio kubwa lililoitwa LACIE la kukadiria ngano kwa picha za Landsat pamoja na takwimu za hali ya hewa, na 1977 jaribio hilo lilionyesha mapema kwamba ngano ya Kisovieti ingepungua.

Jumla ya mavuno ni eneo lililopandwa mara tija kwa hekta, na kila upande wa hesabu hiyo una makosa yake. Kwa eneo, kompyuta hufundishwa kwa mashamba ambayo zao lake linajulikana, kisha huachwa itambue mengine kwa mfano wa mstari wa msimu tuliouelezea. Kosa kubwa hapa ni kuhesabu pikseli zilizoitwa mahindi na kutangaza kuwa ndizo hekta za mahindi. Ramani hukosea, na makosa ya pande mbili hayalingani, kwa hiyo takwimu sahihi hupatikana kwa sampuli ya mashamba yaliyokaguliwa, ramani ikitumika kupanga na kurekebisha sampuli hiyo. Kwa tija, hutazamwa kilele cha uoto, muda kijani kilipodumu, joto na mvua, kisha huoanishwa na mavuno yaliyopimwa kweli shambani kwa kukata na kupima uzito katika vipande vya eneo linalojulikana.

Makadirio huwa mazuri kwa wilaya kuliko kwa shamba moja, mazuri kwa ngano iliyopandwa peke yake katika mashamba mapana kuliko kwa mazao mchanganyiko, na dhaifu kabisa kwa mihogo, viazi na karanga, ambavyo mavuno yake yako chini ya ardhi na majani hayasemi ukweli wote. Akili mnemba imeongeza kasi ya kazi hii. Haijaondoa hitaji la mtu mwenye mizani shambani, kwa kuwa mfumo uliofunzwa kwa data mbaya hukosea kwa kujiamini zaidi.

Taarifa hizi zinazuiaje njaa?

Kwa kuwapa watu muda. Kati ya mvua kushindwa na ghala la kaya kuwa tupu hupita miezi, na ndani ya miezi hiyo chakula kinaweza kununuliwa, kusafirishwa na kugawiwa kama mtu ameonywa. Mfumo wa tahadhari wa GIEWS wa FAO ulianzishwa kutokana na mgogoro wa chakula wa miaka ya 1970, na FEWS NET ulianzishwa na Marekani 1985 kufuatia njaa zilizoikumba Afrika Mashariki na Magharibi. Mwaka 2011 mawaziri wa kilimo wa kundi la G20, baada ya bei za chakula kupanda kwa vishindo, waliunda GEOGLAM, ambamo wachambuzi wa mashirika mbalimbali hukaa juu ya picha zilezile na kuafikiana kuhusu hali ya mazao makuu.

Kiungo muhimu katika mifumo hiyo ni kumbukumbu. Data za mvua za CHIRPS, zinazounganisha setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini, zinaanzia 1981, hivyo mchambuzi anaweza kusema kwamba msimu huu ni miongoni mwa mitatu mikavu zaidi katika miongo minne. Kauli ya namna hiyo humsukuma mtoa maamuzi kuliko ramani yoyote yenye rangi nyekundu.

Hata hivyo, usalama wa chakula una nguzo nne: upatikanaji wa chakula, uwezo wa watu kukipata, matumizi yake mwilini na uthabiti wa hayo yote. Setilaiti inagusa nguzo ya kwanza, na sehemu ya nguzo ya nne. Haioni bei sokoni, kibarua aliyekosa kazi, barabara iliyofungwa na vita wala mtoto anayeharisha. Mashamba yanaweza kuwa ya kijani kibichi huku watu wakilala njaa, na ndiyo maana uainishaji wa hatua tano wa IPC, unaotumika kutangaza ukali wa njaa, huweka mezani pia taarifa za bei, lishe na vifo.

Bima ya fahirisi inafanyaje kazi?

Badala ya mkaguzi kutembelea kila shamba kukadiria hasara, mkataba husema kwamba fahirisi ya mvua au ya uoto katika eneo ikishuka chini ya kiwango fulani, wote waliokata bima hulipwa. Mfano unaotajwa sana ni wa wafugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ulioanza 2010, ambapo malisho hupimwa kwa setilaiti. Gharama hupungua na malipo huja haraka, lakini kuna kasoro ya asili: fahirisi ya eneo inaweza kuwa nzuri huku shamba lako limekauka, na usilipwe senti. Muulize anayekuuzia bima, kabla ya kutia sahihi, ni eneo la ukubwa gani fahirisi yake inalipima kwa pamoja, na katika miaka mibaya unayoikumbuka wewe ingelipa au isingelipa.

Ni makosa gani ya kiufundi yanayoharibu kazi mara nyingi?

Kulinganisha picha ambazo hazijasahihishwa athari za hewa. Kusahau vivuli vya mawingu, ambavyo hudhaniwa kuwa mazao mabaya. Na kulinganisha vihisio viwili tofauti kana kwamba ni kimoja.

Lipo jingine linalostahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu limewaaibisha wengi. Tangu Januari 25, 2022, data mpya za Sentinel-2 huhifadhiwa zikiwa zimeongezewa 1,000 kwenye kila thamani. Turudi kwenye shamba letu la mahindi. Asilimia 5 ya nyekundu ilikuwa ikiandikwa 500, na asilimia 45 ya infraredi 4,500. Sasa zinaandikwa 1,500 na 5,500. Asiyeitoa ile 1,000 atapata 4,000 kwa 7,000, yaani 0.57, badala ya 0.80. Akilinganisha na 2021 atatangaza ukame ambao haukuwapo. Baadhi ya majukwaa, kama Google Earth Engine, yana mkusanyiko uliokwisha kuoanishwa. Anayepakua mafaili mwenyewe hana budi kukagua.

Nianzie wapi bila fedha nyingi?

Fungua akaunti ya bure kwenye Copernicus Browser, chora mpaka wa shamba unalolifahamu vizuri kuliko mengine, na utazame misimu mitatu iliyopita kabla ya kutazama huu wa sasa. Andika kando tarehe za kupanda, kupalilia, kuweka mbolea na kuvuna kwa kadiri unavyozikumbuka, kisha ona kama mstari unazifuata. Ukishauelewa mstari wa shamba unalolijua, ndipo uende kwa usilolijua. Msimu ukianza, chagua mahali pawili ambapo ramani inaonyesha tofauti, nenda ukachimbe udongo, hesabu mimea kwenye mstari wa mita 10 na ugeuze majani. Daftari lenye picha za simu, tarehe na majira ya nukta ya mahali (latitudo na longitudo) ndiyo data adimu kuliko zote katika fani hii.

Huduma hizi zinaweza kukatika?

Zinaweza, na zimewahi kukatika. Kifaa cha kusahihisha mistari ya picha kwenye Landsat 7 kiliharibika Mei 2003, na tangu hapo kila picha yake ilikosa zaidi ya sehemu moja kwa tano. Sentinel-1B ilinyamaza Desemba 2021, na maeneo mengi yalibaki na nusu ya picha za rada hadi setilaiti iliyofuata iliporushwa Desemba 2024. Kwa upande mwingine Landsat 5, iliyorushwa 1984 kwa kazi ya miaka michache, ilidumu hadi 2013, na bila ukaidi wake kumbukumbu ya mashamba ya dunia ingekuwa na shimo kubwa. Taasisi inayojenga mfumo wa tahadhari au bima inapaswa kuandika tangu mwanzo ni data ipi itachukua nafasi ya ipi, na kuziendesha zote mbili sambamba kwa angalau msimu mmoja, ili siku ya kubadilisha isiwe siku ya kujifunza.